Hati ya Suluhu ya Mwalimu Homnath

Ukiwauliza watu wa kijiji chetu cha Okhaldhara ni nani huwapatanisha, watakutajia mtu mmoja tu: Homnath Gyawali, mwalimu mkuu wa shule yetu kwa miaka ishirini na mitatu. Ng'ombe akila mahindi ya jirani, aliitwa Homnath. Ndugu wakigombea mfereji wa maji ya mpunga, aliitwa Homnath. Alifika na kofia yake ya kitambaa cha maua imemkaa sawasawa kichwani, akanywa chai ya kila upande ili pasiwe na wa kununa, akachomoa kalamu, na kabla ya adhuhuri watu walikuwa wameshatia dole gumba. Askari wa kituo cha chini walimpenda kuliko mama zao, maana aliwapunguzia kazi.

Alikuwa na mwandiko mzuri, nao ulimpa kichwa. Hati zake aliziandika kwenye karatasi nzito ya magome inayotengenezwa huko milimani, ile isiyoliwa na wadudu, na nakala ya kila hati aliiweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Mkewe, Subhadra, hakuchoka kumtania.

"Wenzio huficha dhahabu chini ya kitanda. Mimi nimeolewa na mtu anayeficha ugomvi wa watu."

"Ugomvi uliokwisha," Homnath humjibu.

"Haya, uliokwisha. Mwenye kovu usidhani kapoa, lakini wewe endelea tu kuandika."

Basi mwaka huu, mpunga ulipokwisha kuvunwa, ofisi ya kata iliitisha mafunzo ya siku tatu kuhusu namna ya kuwakinga watoto na vijana na ukatili wa kingono. Waliitwa walimu, wauguzi wa zahanati, askari na wajumbe wa kata. Homnath alikwenda kama mtu anayekwenda harusi ya mpwa wake. Aliketi safu ya mbele, kalamu mbili mfukoni.

Mkufunzi alikuwa Rachana Shakya, mwanamke wa mji wa Tansen aliyekuwa muuguzi kwa miaka mingi kabla ya kazi hii. Umbo dogo, sauti haipandi wala haishuki. Siku ya kwanza aliwaambia mambo ambayo wengi walidhani wanayajua tayari. Kwamba mtoto haanzi kwa kusema, bali kwa kutotaka kwenda mahali fulani. Kwamba ukiambiwa jambo usimhoji mtoto mara kumi, na usimwahidi siri usiyoweza kuitunza. Kwamba usimkutanishe na aliyemdhuru eti wasikilizane. Hapo Homnath alisita, kalamu ikabaki hewani, kisha akaendelea kuandika kama kawaida. Mtu akizoea kusifiwa, masikio yake huwa mazito.

Walipokuwa wakiagana Rachana alisema, "Kesho kila mmoja aje na jambo moja la mtoto alilolishughulikia yeye mwenyewe, na analoona alilishughulikia vizuri. Msitaje majina."

Homnath hakuhitaji kufikiri. Alipofika nyumbani alivuta sanduku, akapekua, akatoa hati ya miaka kumi na miwili iliyopita. Jambo lile lingeweza kuigawa Okhaldhara mapande mawili, na yeye alilizima kwa mchana mmoja. Hakupigwa mtu, hakuitwa askari. Alikuwa akiikumbuka kazi ile kama fundi anavyokumbuka nyumba aliyoijenga ikaokoka tetemeko.

Asubuhi akasimama mbele ya watu ishirini na sita, akakohoa kidogo, akasoma kwa sauti ile ile ya paredi ya shule. "Kwa kuwa jambo la aibu limetokea kati ya mwalimu na mwanafunzi wa darasa la sita. Kwa kuwa heshima ya shule ni heshima ya kijiji kizima. Kwa kuwa mwalimu amevua kofia yake na kuiweka miguuni pa baba wa mwanafunzi, na baba ameiokota, ishara ya kusamehe. Pande zote zimekubaliana kama ifuatavyo. Mosi, jambo hili halitatajwa tena. Pili, mwanafunzi atahamishiwa shule nyingine ili maneno yafe. Tatu, mwalimu ataendelea na kazi, kwa kuwa shule haina mwalimu mwingine wa hisabati."

Aliinua macho. Alikuwa akingoja watu watikise vichwa kwa kumkubali, kama walivyofanya siku zote. Sajini Pun wa kituo cha polisi, mtu wa maskhara, ndiye aliyesema peke yake, "Mwandiko huo, Mwalimu, hata jaji angeuonea wivu." Hakuna aliyecheka.

"Asante, Mwalimu," Rachana alisema. "Nikuulize kidogo. Nani aliondoka?"

Homnath akatazama karatasi. "Mwanafunzi."

"Na nani alibaki?"

"Mwalimu."

"Yuko wapi sasa hivi?"

Okhaldhara ina mwalimu mmoja wa hisabati. Hapakuhitajika jina. Muuguzi wa zahanati aliinamisha uso, na yule mjumbe wa kata ambaye binti yake yuko darasa la saba akaanza kuukunja ukingo wa shali yake, anaukunja, anaukunjua. Ukutani saa ilionyesha saa nne na robo. Homnath ndiye aliyepanga ratiba ya shule kwa mkono wake. Saa nne na robo, darasa la saba wana hisabati.

"Yuko darasani," alisema, na ile sauti ya paredi haikuwepo tena.

Aibu niliyoiona siku ile usoni pa Homnath sijaiona kwa mtu mwingine, nami nilikuwa nimekaa viti viwili nyuma yake. Masikio yalimwiva. Mikono ilitaka kuikunja ile hati lakini karatasi ya magome haikunjiki upesi, ikabaki wazi mbele yetu sote. Miaka kumi na miwili alikuwa ameisoma kama kazi ya amani, na sasa kila mstari ulikuwa ukimtazama. Nasema kweli, na sisi tuliokuwa pale hatukuwa na haki ya kumwonea huruma, maana wengi wetu tulijua habari ile na tulishukuru alipoizima.

Rachana alitangaza mapumziko ya chai. Akamkuta Homnath nje, karibu na bomba, bilauri imempoa mkononi.

"Mama mkufunzi," Homnath alisema, "nikiipeleka hii polisi, sahihi ya kwanza ya shahidi ni yangu. Mwenye kuficha naye ana kosa. Umetufundisha jana."

"Ndiyo."

Homnath alingoja Rachana aongeze neno la kumpoza. Hakuongeza.

"Yule binti ni mtu mzima sasa," Rachana alisema. "Habari ni yake. Usimwamulie mara ya pili. Kamuulize, na akisema hapana, ni hapana kwa upande wake. Ila waliomo darasani sasa hivi hawawezi kukusubiri wewe upate ujasiri. Leo mimi napeleka taarifa kwa ofisi ya watoto, uje usije."

Homnath alipanda kilima hadi shuleni bila kofia, kaisahau ukumbini. Darasa la saba Tikaram, yule mwalimu wa hisabati, alikuwa ubaoni, chaki mkononi, shati limepigwa pasi, mtu unayeweza kumpa funguo za nyumba yako. Homnath akamwita nje.

"Nenda nyumbani, Tikaram. Usirudi."

"Kuna nini, Mwalimu?" Kisha akaona karatasi. Akacheka kidogo, puani. "Hiyo? Hiyo tuliimaliza. Tulitia sahihi."

"Tulitia."

"Sasa?"

"Sasa nimeisoma."

Tikaram aliondoka akitembea taratibu, anaitikia salamu za watoto uwanjani. Homnath akaingia darasani kumalizia kipindi. Kulikuwa na hesabu ya sehemu ubaoni nayo ikamshinda. Msichana wa dawati la mbele akamsahihisha, wenzake wakacheka, naye akasimama pale akiwahesabu wasichana wa darasa lile mmoja mmoja. Kumi na tisa. Mafungu kumi na mawili ya wasichana kama hawa yalipita mbele ya ubao ule, na yeye hakumuuliza hata mmoja wao jambo.

Mchana akaja Khimlal, mwenyekiti wa kamati ya shule, mjomba wake Tikaram. Hakuketi.

"Homnath, umelewa mafunzo? Siku mbili za chai na biskuti zimekugeuza askari!"

"Mwenyekiti, yule mtu hawezi kukaa na watoto."

"Miaka kumi na miwili amekaa nao. Umesikia nini? Hukusikia kitu."

"Niliandika kwamba jambo hili halitatajwa tena. Ningesikiaje?"

"Sikiliza, kaka." Khimlal alishusha sauti. "Funika kombe mwanaharamu apite. Ni wewe uliyetufundisha hivyo. Ukiivuta kamba hii, wewe ndiye utakayetoka kisimani wa kwanza, umelowa, na watu wote wanatazama. Umebakiza mwaka mmoja ustaafu. Utawaambia nini wakwe wa binti yako?"

Homnath aliogopa, na hofu yake ilikuwa ya kweli: jela, wakwe, na mlango wa nyumba yake usiobishwa tena na mtu. Alitaka sana mtu aje ampatanishe yeye na jambo hili, apewe karatasi, atie dole gumba, liishe.

Kesho yake, siku ya mwisho ya mafunzo, hakwenda ukumbini. Alishuka bazaa. Manmaya, yule mwanafunzi wa ile hati, ana cherehani kwenye baraza la duka la vyombo, anashona sare za shule tatu, yetu ikiwemo. Ile shule aliyohamishiwa ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu, akaiacha baada ya mwaka. Homnath alikuwa akilijua hilo, na kila alipopita barabara ile alipita upande wa pili.

Alimkuta anapima urefu wa pindo la sketi. Manmaya alimwona, akaendelea kupima.

"Sare za wasichana zitakuwa tayari Jumapili, Mwalimu."

"Sikuja kwa sare."

"Basi kaa hapo kwenye kigoda, unanizibia mwanga."

Akakaa. Usiku kucha alikuwa ametunga maneno, nayo yalikuwa mazuri, yana mpangilio, yana mosi na pili. Alipofungua mdomo alijisikia anasoma hati nyingine, akanyamaza. Akaanza upya. Akasema amemtoa Tikaram shuleni, akasema taarifa imepelekwa, akasema yeye Manmaya halazimiki kusema lolote kwa yeyote. Akasema, "Nilikukosea. Nilikutoa wewe nikamwacha yeye."

Mguu wa Manmaya ulikuwa juu ya kanyagio la cherehani lakini haukukanyaga.

"Niliwaambia watu watatu," alisema. "Mama alinipiga. Shangazi akasema naota. Nikaja kwako ofisini, ukafunga kitabu chako ukanisikiliza mpaka mwisho. Unakumbuka? Wewe ndiye peke yako uliyeniamini."

Hapo Homnath, na aibu yake yote, alihisi kitu kifuani kimelegea. Alikuwa radhi kulishika neno lile, ashikilie hapo, aondoke nalo nyumbani.

"Ndiyo maana mama nimemsamehe," Manmaya akasema. "Shangazi pia, masikini, hakujua. Wao hawakujua, Mwalimu. Wewe ulijua."

Mteja akaja kuulizia zipu. Manmaya akamtafutia zipu, akampa, akageuka.

"Baada yangu wangapi?"

"Sijui."

"Hujui." Alivua kile kidole cha bati cha kuzuia sindano, akakiweka mezani. "Huyo mama aliyekuja kufundisha, bado yupo?"

"Yupo mpaka jioni."

"Nenda kamwambie nitakwenda naye kituoni. Naye, si na wewe. Wewe nenda kivyako."

Alasiri ile Manmaya na Rachana waliingia chumba cha ndani cha kituo pamoja na askari wa kike, mlango ukafungwa. Homnath akabaki kwenye kaunta ya mbele. Sajini Pun alikuwa pale, bila maskhara siku hiyo. Aliitandaza ile hati juu ya kaunta, akaipiga picha, akafungua daftari la maelezo.

"Haya, Mwalimu." Hakuweza kumtazama usoni. "Tuandike vipi? Naweza kuandika kwamba wewe ni msuluhishi tu, wazazi walikuita, hukupewa undani wa jambo. Wengi huandikisha hivyo. Mtu haanguki sana."

Nyuma ya mlango sauti ya Manmaya ilisikika, maneno hayasikiki. Homnath aliweka mikono yote miwili juu ya kaunta, kando ya ile hati.

"Andika kwamba alikuja kwangu mwenyewe," alisema. "Andika kwamba aliniambia yote mpaka mwisho, na mimi nikamwamini. Andika kwamba nilijua."