Mkono Mbele ya Rejeta

Kwa miaka tisa nilimsikia mume wangu kabla ya kumwona. Aliendesha pikapu ya miraa kutoka Maua hadi kwetu Garissa, pikapu ya dizeli yenye silinda sita, bila turbo, bila kompyuta, bila aibu. Akishusha gia kuingia darajani kutoka upande wa Madogo, ng'ambo ya mto, mimi niko jikoni naweka sufuria ya chai motoni. Kugawa mzigo sokoni kulimchukua karibu saa nzima, na saa hiyo ilinitosha kupika chai na anjera, ile mikate laini ya kumimina ya kwao. Jirani yangu aliamini mume wangu ananipigia simu. Hakuwahi kupiga.

Mimi ni mtu wa mtoni, nimezaliwa Balambala, na ni mwalimu wa shule ya msingi. Yeye ni Msomali wa Eldas. Lugha yangu haikuwa yake, kwa hiyo nyumbani tuliongea Kiswahili, changu cha darasani na chake cha barabarani, ambacho kila p hugeuka b. Aliniita mwalimu hata tulipogombana.

Mambo ya injini nilifundishwa na yeye. Hapa kwetu boneti huwa ya moto hata kama gari limelala wiki nzima juani, kwa hiyo mke wa dereva hagusi boneti. Anapeleka kiganja mbele, kwenye rejeta, pale gari linapopumulia. Joto la pale linakuambia ametoka mbali au karibu, amekimbiza au amekuja taratibu. Ndiyo ilikuwa salamu yetu. Naweka kiganja, nasema, "Pole, leo umeitesa," naye anacheka na kuniuliza kama chai iko. Naona haya kidogo kuandika hivi, lakini kiganja kile kilikuwa sehemu kubwa ya ndoa yangu.

Kisha magari yakaanza kubadilika, na wanaume wakabadilika nayo. Kando ya gereji kuna kibanda cha chai ambapo madereva hukaa kubishana. Zamani walikaa benchi moja. Yalipofika magari ya injini ndogo zenye turbo, na baadaye haya ya haibridi, ambayo mota ya umeme huisaidia injini ya petroli, fundi alilazimika kutafuta benchi la pili. Benchi la silinda sita lilisema gari likikufia njia ya Hulugho unataka koleo na waya, hutaki kijana na kompyuta kutoka Nairobi. Benchi la pili lilisema nyinyi mnapenda moshi, gari la mota ukilikanyaga linaondoka papo hapo. Wanaume wazima, wenye wajukuu, waliacha kusalimiana. Nilipopita na vitabu vyangu waliniita nitoe hukumu, nami kila mara niliwapa ushindi wa silinda sita. Nilifurahia sana.

Mwaka juzi mume wangu aliacha kubeba mzigo, akawa msimamizi wa madereva wenzake, kazi ya kwenda Wajir na kurudi. Wiki chache baadaye akahama benchi. Alianza kuzungumzia haibridi asubuhi na jioni, nguvu yake, wepesi wake, jinsi mota inavyoamka kabla ya injini. Nikadhani ni mapenzi ya gari. Nayajua mapenzi ya gari, nami ninayo.

"Mwalimu, dunia imebita hiyo bikabu," aliniambia. "Kelele mingi bure. Mtaa mzima inajua niko wabi."

"Na ubaya wake nini?" nikamuuliza.

Tuligombana wiki mbili, mimi nikitetea silinda sita kama wakili. Mwishowe aliiuza kwa mkulima wa Balambala anayeleta matikiti mjini, akaagiza haibridi nyeupe kutoka Mombasa. Benchi la kwanza lilimwambia amenunua friji ya magurudumu. Mimi niliacha kuongea naye siku tatu, kisha nikachoka.

Tangu hapo sikumsikia tena. Nilikuwa naanua nguo, nageuka, na yeye amesimama uani. Chai haikuwa tayari hata siku moja. Kwa mazoea nilipeleka kiganja mbele ya gari, na mara nyingi sikukuta joto lolote.

"Unatoka Wajir?"

"Saa hii tu nimefika, wallahi. Injini ya kisasa haibati moto kama ile yako ya zamani. Umeme, mwalimu. Umeme haina joto."

Nilimwamini. Niko radhi mtu anicheke kwa hilo. Kama angeniambia pikapu imetoka Wajir na rejeta iko baridi, ningemwita mwongo mbele ya mama yake. Lakini ya injini mpya sikuyajua, na nilikuwa nimeringa mno kuuliza, kwa vile nilikuwa nimeshayapinga hadharani. Nikaishi na rejeta baridi miezi minane.

Jumamosi moja nilikuwa natoka sokoni nikapita gereji. Haibridi ya mtu mwingine ilikuwa imefunguliwa, fundi ameinama ndani yake. Fundi wetu ni mtu wa bara, amekaa Garissa miaka mingi, mpole. Madereva walikuwa kwenye mabenchi yao wanabishana. Nikamuuliza fundi, kama mtu anayetaka kujifunza, kwa nini magari haya hayapati joto hata yakitoka Wajir.

Fundi akacheka. "Nani kakudanganya, madam? Hiyo ni petroli kama petroli nyingine. Mota ni ya kutambaa mtaani tu. Ikishika barabara kuu injini inawaka, na ikitoka Wajir hapo mbele hupeleki mkono. Ukikuta baridi, basi imetoka hapa hapa..."

Akaanza kutafuta spana iliyokuwa mkononi mwake. Nikageuka kuwaangalia madereva, na kwenye mabenchi yote mawili kila mtu alikuwa anaangalia kikombe chake. Sijawahi kuwaona wamekubaliana hivyo. Mzee mmoja wa silinda sita, yule aliyekuwa akinishangilia kuliko wote, alisema kwa sauti ndogo, "Bole, abaayo," kama anavyomwambia dada yake.

Nilimshukuru fundi, nikabeba nyanya zangu nikaenda nyumbani.

Mume wangu alifika baada ya swala ya alasiri. Nilipeleka kiganja mbele ya gari. Baridi. Sikutoa mkono.

"Anakaa mtaa gani?" nikauliza.

Aliangalia mkono wangu. Kisha akanitajia mtaa, upande wa pili wa mji, nyuma ya uwanja. Nikaha ilikuwa mwaka mzima nyuma, kabla ya haibridi.

"Sheria inaruhusu, mwalimu."

"Sheria naijua. Pikapu uliiuza kwa nini?"

"Ningebita nayo huko, ungesikia." Alikaa kwenye ngazi. "Sikutaka uumie."

Kwa hiyo wiki mbili zile sikuwa natetea injini. Nilikuwa nabishana juu ya nyumba ya mwanamke nisiyemjua, nikidhani tunaongea habari za turbo. Watu huniuliza nilifanya nini siku ile, na wanapenda niseme nililia. Nilisahihisha hesabu za darasa la sita, vitabu arobaini, na sikukosea hata alama moja. Sikuhisi kitu. Bado nangoja kuhisi, na sasa ni mwaka.

Sikuondoka. Anakuja siku zangu na haji siku za mke mwenzangu. Kwenye kibanda nasikia bado wanabishana, kuna haibridi mpya yenye nguvu kuliko zote, lakini nikipita hakuna anayeniita nitoe hukumu. Mkewe mwingine nimekutana naye mara moja harusini. Ana adabu. Tuliongea habari za maji.

Mkulima wa Balambala huja mjini na matikiti yake siku ya soko. Haongezi mafuta hadi avuke daraja kwenda Madogo na kurudi, sijui kwa nini, labda bei. Wiki iliyopita nilikuwa jikoni nikasikia silinda sita zinashusha gia darajani. Mwili wangu uliinuka peke yake. Niliweka sufuria, nikatia majani, maziwa, iliki, nikaimimina chai kwenye chupa, nikamimina na anjera sita kabla sijakumbuka ile ni pikapu ya nani.

Nilipogeuka, mume wangu amesimama mlangoni. Haikuwa hata siku yangu. Akaona chupa ya chai, akaona anjera zinatoa mvuke, na uso wake ukafunguka kama zamani.

"Umejua vibi nakuja? Gari haikubiga kelele."

"Nimeisikia," nikamwambia.

Akatoka uani. Nilimwona dirishani amewasha gari lake, ameinama karibu na ekzosi, anasikiliza. Alikaa hivyo muda mrefu. Chai yake nilimwekea mezani, nikakaa nikanywa yangu.