Mkorosho wa Mchungaji Ulivyopasua Kisima cha Mkunya

Saa moja asubuhi, Mkunya, wilayani Newala. Uwanja wa kanisa la Pentekoste Betesda ni mtupu, lakini kuna mtu anaimba pambio, na sauti inatoka chini ya ardhi.

"Shusha karai!" sauti inakatiza pambio lake yenyewe. "Umelala?"

"Sijalala, nasikiliza ibada," anajibu Ashraf Fikirini, aliyesimama kwenye mdomo wa kisima akiwa ameshika kamba. "Ila leo kwaya ina sauti mbovu."

"Subiri nitoke, mtani."

Aliye chini ni Leonia Cuthbert, mwenye miaka hamsini na mitano. Nusu ya Newala wanamwita Mama Humphrey, nusu nyingine Fundi Kisima. Simu ameifunga kichwani kwa kitenge, tochi inamulika ukuta, mwiko uko mkononi. Anapiga niru, ule uji mzito wa saruji tupu unaopakwa juu ya plasta ili maji yasipenye.

Kisima cha huku hakichimbwi kutafuta maji. Juu ya uwanda huu wa Makonde maji ya ardhini yako mbali mno. Watu huchimba shimo, hulisakafia, kisha hungojea mvua ya paa. Bati likinyeshewa, mfereji hupeleka maji shimoni, na nyumba hunywa hayo mpaka msimu mwingine. Bomba lipo, ila lina tabia za mgeni wa heshima: haliji kila siku.

Mvua nayo iko karibu. Kila jioni mawingu yanajikusanya upande wa Ruvuma, halafu yanatawanyika moja moja kama watu waliosikia kuna mchango. Kisima hiki kisiposhika maji msimu huu, kitafukiwa. Ndivyo kamati ya ujenzi ya kanisa ilivyoamua.

Kwa Leonia, kufukia kisima hiki ni kama kumfukia yeye mwenyewe.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu mwaka 1983, wakati Mchungaji Ambakisye alipofika Mkunya. Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mchana akiuza mitumba, jioni akihubiri chini ya paa la makuti. Kwao Tukuyu mvua hainyeshi, inaishi. Akawapata waumini kumi na mmoja, akatangaza siku ya ubatizo wa maji mengi kama Maandiko yasemavyo. Baada ya kutangaza ndipo akauliza mto uko wapi.

"Tulimwonyesha bonde," anasema Leonia, akicheka mpaka mwiko unatikisika. "Akachungulia kule chini. Akasema basi tuchimbe shimo hapa hapa juu."

Kina mama wakashuka bondeni kabla ya jogoo, wakapanda mteremko na ndoo kichwani, wakamimina. Shimo likajaa hadi kiunoni. Mchungaji akafumba macho kuomba, na Wapentekoste wakishafumba macho, usingoje wafumbue karibuni.

"Aliwaombea wabatizwa, akaombea wilaya, akaombea taifa, akavuka mpaka hadi Msumbiji," Leonia anasimulia. "Aliposema amina tukafumbua macho. Tope! Mchanga ulikuwa umekunywa kila kitu. Mama yangu aliyapandisha yale maji kwa kichwa chake. Alikaa chini akalia."

Jirani mmoja hakulia. Mzee Fikirini, fundi mwashi na Mwislamu wa swala tano, ndiye baba yake Ashraf. Alikuwa akitazama kutoka barazani kwake, na alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanzu. Kisha akavuka njia.

"Mchungaji," alisema, "Mungu amesikia. Mchanga ndio haukusikia. Mchanga wa hapa unataka saruji."

Waumini wakanunua saruji mfuko mmoja mmoja, kila msimu wa korosho. Mzee Fikirini alitoa nguvu zake bure, kwa sharti moja: kisima kikijaa, kila jirani achote, awe wa msikiti au wa kanisa. Mdomo wa kisima ulikuwa mwembamba, na mzee alikuwa na tumbo lililoshiba. Akamshusha Leonia kwa kamba, akawa anamfundisha kwa kupiga kelele kutoka juu.

"Alinitukana matusi yote ya Kimakua," anasema. "Namshukuru. Ndiyo cheti changu hicho."

Kwa cheti hicho amesakafia visima Mkunya, Kitangari hadi Tandahimba. Kisima cha nyumbani humchukua kama wiki mbili na kumpa laki tatu, ikiwa mwenye nyumba hana maneno mengi. Mumewe alifariki mwanawe Humphrey akiwa bado anajifunza kusoma. Visima ndivyo vilivyomsomesha kijana huyo, ambaye leo ni muuguzi Masasi.

Mwaka 2011 ngazi ilivunjika Leonia akiwa juu yake, akaangukia sakafu aliyoipiga kwa mkono wake mwenyewe. "Niligundua kwamba kazi yangu ni imara," anasema. Mguu ulivunjika sehemu mbili. Alilazwa hospitali Masasi, kisha akarudi nyumbani kukaa kitandani miezi mingi, hana mtu wa kumchotea maji.

Hakulala hata siku moja na mtungi mtupu. Wanawake wa kanisa walipeana zamu. Ashraf na mkewe Ziada nao wakajiweka kwenye zamu bila kuulizwa. Maji yote yalitoka kisima kile kile cha Betesda.

"Nilijengewa na Mwislamu, nikanyweshwa na Wakristo, nikaogeshwa na Ziada," anasema. "Sasa niambie, niache kushukuru nianzie wapi?"

Basi ikaja balaa, nayo ilitoka kwa mtu mwema. Mchungaji Ambakisye, kabla ya kufariki, alipanda mkorosho kando ya birika dogo la ubatizo lililojengwa jirani na kisima, ili maji yakishabatiza watu yasipotee bure. Mti ukanywa ubatizo hadi ubatizo, ukanenepa.

"Mkorosho ule umebatizwa kuliko askofu," anasema Ashraf. "Ndiyo maana ulikuwa na kiburi."

Mizizi yake ilikwenda kutafuta maji mengine, ikakuta ukuta wa kisima, ikaupasua. Mwaka jana kisima kilijaa kikafurika, watu wakashangilia. Ilipofika Julai, kilikuwa kikavu kama tumbo la ngoma. Wajukuu wa waliopanda mteremko na ndoo wakashika ndoo tena.

Kamati ikakaa. Mwenyekiti wake, Mwalimu Christopher, alileta hoja ambayo hata Leonia anakiri haikuwa ya kijinga: mkorosho unalipa umeme wa kanisa kila mwaka, na ni kumbukumbu ya mwasisi. Kisima kinavuja. Kifukiwe, linunuliwe tangi la plastiki.

"Tangi lenu litajaa mvua ya kwanza, ya pili yote itamwagika," Leonia aliwaambia. "Majirani nao watachota nini, kivuli?"

"Mama Humphrey, kwa heshima zote, ukuta ukizibwa mzizi utarudi," Christopher alijibu.

"Ndiyo. Kwa hiyo ukatwe mti."

Kanisa zima likaguna. Kukata mti wa Mchungaji! Mzee mmoja akaanza kukemea pepo, bila kusema ni la nani.

Ikabidi waende kwa mjane wa mwasisi, Bibi Evelina, anayeishi nyuma ya kanisa. Walikwenda wengi, wamevaa nyuso za msiba. "Shikamoo, mama." "Marahaba, wanangu. Nani amekufa?" Christopher akaeleza kwa upole, akizunguka kama anayemtongoza mtu. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mti ule nilimwambia asiupande pale," akasema. "Hakunisikia. Miaka yote hii nangoja mtu aje aniambie nilikuwa sahihi. Kateni."

Ulikatwa mavuno ya korosho yalipokwisha. Christopher mwenyewe alishika shoka zamu ya kwanza, ila akaweka sharti: huu ndio msimu wa mwisho wa majaribio. Leonia akakubali. Akafukua mizizi, akabomoa plasta ya zamani hadi kwenye tofali, akaanza upya.

Sasa kazi inakaribia kuisha. Niru haipendi kukauka haraka, ikikauka inapasuka. Kwa hiyo Leonia anaimwagilia asubuhi na jioni kwa maji anayoyabeba kutoka kwake, na huku chini joto linapika.

"Nikiachia kamba hii," Ashraf anamtania akimpandisha, "leo hii utaonana na Mchungaji wako."

"Achia! Na baba yako nitamkuta. Nitamshtakia kwamba mwanawe anachanganya plasta nyepesi kama uji wa mgonjwa."

Ashraf anaikaza kamba kwa mikono miwili.

Mvua inakuja siku nne baadaye, mchana, wakati kwaya iko mazoezini. Inapiga bati kiasi kwamba hakuna anayesikia anaimba nini. Watu wanatoka, wa kanisa na wa jirani, wanasimama wakitazama mfereji. Leonia hatazami. Amekaa barazani kwa Bibi Evelina, mgongo kwa kisima, anamenya mihogo na kumenya mpaka hakuna mhogo wenye ganda.

Kisima kujaa si habari, hata mwaka jana kilijaa. Habari ni kukaa. Mfereji ukageuzwa maji yasiongezeke, mdomo ukafunikwa, na Christopher akachora alama ya chaki ndani ya ukuta, usawa wa maji. Wiki nzima hakuna aliyeruhusiwa kuchota. Leonia aliendelea kula ugali wake, ila Ziada anasema alikuwa akiutafuna kama dawa.

Jumapili, baada ya ibada, Christopher alilala kifudifudi kwenye mdomo wa kisima na suti yake, akamulika. Akakaa hivyo muda mrefu.

"Mwalimu, umeona au umelala?" Ashraf akauliza.

"Maji yanagusa chaki," Christopher alisema. Akainuka na vumbi kifuani. "Mama Humphrey, yanagusa chaki!"

Vigelegele vilivyopigwa vilimtoa Bibi Evelina kitandani. Leonia hakupiga kigelegele. Alikwenda kwa Ashraf, akamshika mkono, akasema asante. Ashraf akaiokota ile kamba, akaanza kuikunja.

Betesda sasa ina tawi Kitangari, na kule waumini wameshapiga bati. Kamati hiyo hiyo iliyotaka kufukia imemkabidhi Leonia kisima kipya. Wanawake wawili, Nancy na Pendo, wamekubali kushuka ndani kujifunza. Nancy ni wa kanisa, Pendo ni mpwa wa Ashraf. Mchungaji kijana wa tawi hilo tayari ametangaza ubatizo wa Pasaka.

"Pasaka ya mwaka gani?" Leonia aliuliza alipopigiwa simu. "Ya mwakani, mwanangu. Kwanza tuchimbe, tusakafie, tungoje. Mungu hana haraka, na niru haina haraka."

Yeye hatashuka tena. Goti la mguu uliovunjika limeshatoa taarifa, na safari hii ameamua kulisikiliza.

"Tangu utoto mimi ni wa chini, napigiwa kelele," anasema. "Kitangari nataka kiti chenye mgongo, kikombe cha chai na kivuli cha nyumba. Wao washuke. Mimi nikae juu, nigombeze."