Nilipima tairi za gari kwa gunia la makopa, mama mkwe akanisahihisha njiani

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine mambo. Naandika huku grisi haijatoka kwenye kucha, kwa hiyo humu hamna chumvi hata punje.

Nina gari la kit. Kwa msiolijua, linakuja vipande vipande kwenye maboksi, unaliunga mwenyewe nyumbani. Langu ni jepesi mno, viti viwili, milango halina. Hapa Rahaleo wanaliita "kiatu". Nimezoea.

Sasa mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza, arobaini ikakaribia. Mama yake anaishi Mpapura, mguu unamsumbua, bodaboda hapandi. Akatuma neno: "Mkwe wangu kaunda gari, anifuate mwenyewe. Asipokuja, siji."

Nikaona hapa hakuna mchezo. Bibi akikosa arobaini ya mjukuu wake kwa sababu ya kiatu changu, ukweni nitaweka wapi uso?

Kazi iliyobaki ilikuwa alaimenti ya tairi za mbele, yaani kuzinyoosha zitazame mbele sawasawa.

Gari jepesi lina tabia yake. Mtu akikaa tu linashuka, na tairi zinabadili zinakotazama. Kwa hiyo hupimi likiwa tupu. Unaweka mzigo sawa na watu watakaopanda, unavuta uzi ulionyooka kila upande wa gari, unapima kwa tepu kutoka uzi hadi rimu, mbele na nyuma. Kisha unazungusha tairodi, kile chuma kinachogeuza tairi, kidogo kidogo mpaka vipimo vikae.

Kiti cha dereva nilikaa mwenyewe. Rafiki yangu Saidi, fundi bajaji, akawa anapima.

Kiti cha mama mkwe je? Wakuu, nani kati yenu anaweza kumuuliza mkwewe ana kilo ngapi? Mimi hata kumtazama usoni huwa naona haya.

Tukaweka gunia dogo la makopa, ile mihogo mikavu. Saidi akacheka, "Bwana, yule mama ni zaidi ya hapo." Nikamwambia koma, huyo mkwe wangu.

Siku ya arobaini nikatoka asubuhi. Kwenda, raha mustarehe. Mama akapanda na mizigo yake ya mchele na unga, kiti kikalia nyiii. Nikajifanya sijasikia.

Tukaingia lami. Weee! Gari linavuta kushoto, mimi nakaza kulia, lori likitupita tunaishia mchangani. Kusema kweli niliogopa. Nimembeba mama wa watu, na nyumbani wanamsubiri.

Nikasimama kando ya shamba la mikorosho. "Barabara mbovu, mama," nikasema. Lami yenyewe imenyooka kama rula.

Akainama kuchungulia tairi ya upande wake. "Mwanangu, gari limelala upande wangu. Kiti hiki ulikipima kwa kitu gani?"

"Kwa gunia la makopa, mama."

"Gunia gani?"

"Dogo."

Mama alicheka mpaka kiatu chote kikatikisika. "Adabu yako itatuua! Mimi gunia zima, tena la kushindilia. Haya, shuka upime."

Nikapakia mchele na unga kwenye kiti changu badala yangu, nikatoa spana na tepu, nikafunga uzi. Yeye akajifunika kanga ya pili, akageuza uso kwenye mikorosho, maana mkwe nilikuwa nimelala chini karibu na miguu yake. Aibu niliyoiona siku hiyo haina jina.

Nikalegeza nati, nikazungusha tairodi, nikalisukuma gari mbele na nyuma ili springi zikae. Jasho! Na yeye kutoka kwenye kanga, "Sukuma, baba, sukuma." Nikapima tena, vipimo vikakaa.

Kutoka pale hadi Mikindani, na kutoka Mikindani hadi Rahaleo, usukani niliushika kwa vidole tu. Tulikuta dua haijaanza. Mama akapokea mjukuu, akambusu, akalia machozi. Na mimi nikafuta yangu pembeni.

Nilichojifunza: gari jepesi lipime kwa uzito wa kweli. Tairodi haijui ukwe.

Wenye magari ya kuunga mwenyewe, nyie mnatumia nini badala ya abiria? Na mlio na wakwe, mngeulizaje?

Maana mama alimwambia mke wangu mbele ya wageni wote, "Mumeo leo kanipima njiani." Mke wangu hadi sasa ananitazama tu.