Kokoto Nilizozifagia

Saa tisa na robo alasiri, kwenye makaburi ya mtaa wa kale wa Wayahudi mjini Praha, nilisoma kibao kilichoeleza kwa nini makaburi yale yana kokoto: kila anayezuru huacha moja. Watalii walinipita. Sikuwa na wa kumwambia, maana papa, baba yangu, ameshafariki.

Papa alikuwa akikata nyasi kwenye makaburi ya Wayahudi huko Houston, si mbali na Gulfton tulikoishi. Siku moja ya likizo alinichukua, akanipa ufagio. Hewa ilinuka petroli na majani mabichi.

"Kwetu, kaburi chafu ni ya mutu hana batoto," alisema kwa Kiswahili cha kwao. "Fagia muzuri."

Nilifika kwenye kaburi lililojaa kokoto, nikamhurumia marehemu kwa kusahauliwa hivyo. Nilizizoa zote kwenye ndoo, nikazimwaga kwenye changarawe ya njia. Zilipotea pale, zikafanana na nyingine zote.

Baadaye alikuja bibi mmoja mzungu, peke yake, na kokoto moja mkononi. Alilitazama kaburi kwa muda mrefu, kisha akautazama ufagio wangu.

"Ni wewe uliyesafisha?"

"Ndiyo, bibi. Lilikuwa limetelekezwa."

"Mume wangu alipenda usafi," alisema.

Akaiweka kokoto yake katikati, ikabaki peke yake. Kisha akafungua mkoba. Nilikimbia kumwonyesha papa ujira wangu wa kwanza maishani: dola tano.