Kiapo Changu cha Gasorwe

Wiki iliyopita, sokoni Gitega, muuza maharage aliniapia mara tatu kabla sijamaliza kuuliza bei. Maharage ni mapya, haki ya Mungu. Hayana wadudu, haki ya Mungu. Hata yeye anapika hayo hayo kwake, haki ya Mungu. Nilirudisha kiganjani mwake yale niliyokuwa nimeyachota, nikaondoka mikono mitupu. Bila shaka alinihesabu mwenye maringo. Sina maringo, rafiki yangu, nina hofu, na nimekuwa nayo tangu nina miaka kumi.

Mwaka huo mama alikuwa ameturudisha kutoka Tanzania, tukafikia kwa bibi kwenye kilima kimoja cha Gasorwe, huko Muyinga. Bibi hakuwahi kukihama kilima kile. Nikifumba macho bado nasikia harufu ya ndizi zilizofukiwa ziive, na mlio wa mchi wake akitwanga isombe, yaani kisamvu, alasiri, huku sisi tukichambua maharage ya jioni. Alikuwa na desturi moja iliyotuchekesha sana. Akitaka kumtaja Imana, yaani Mungu, aliacha kwanza kazi yote, akafuta mikono kwenye kitenge, ndipo akatamka. Kumbe si yeye peke yake, kilima kizima kilikuwa hivyo. "Jina hilo ukilirusha," aliniambia siku nilipomtania kwamba isombe itachelewa, "halianguki chini bure." Mimi nilicheka, yeye hakucheka.

Sisi watoto wa Tanzania tuliapa kama tunavyopumua. Nani atangulie kuchota maji, haki ya Mungu. Nani amejamba, haki ya Mungu. Hakuna aliyetukemea huko tulikotoka, kwa sababu hakuna aliyesikiliza.

Basi mbuzi wa mwalimu wa kwaya akapotea. Asubuhi ile ile, kwenye ukungu, nilikuwa nimeona mgongo wa mwanamke mwenye kitenge cha buluu akipandisha mbuzi kwa kamba katikati ya migomba. Jirani yetu, mjane aliyetuchomea mahindi tangu siku tuliyofika, alikuwa na kitenge cha buluu. Ulimi hauna mfupa. Nikasema kisimani kwamba ni yeye, na msichana mmoja alipotia shaka nikamjibu, "Haki ya Mungu, nimemwona." Mwingine akatua kidumu chake kilichojaa na kunitazama muda mrefu. Mimi nikadhani wamenisadiki tu, nikafurahi.

Siku ya pili waamuzi wa kilima, wale tunaowaita bashingantahe, wakakaa uani kwetu. Jirani akaitwa. Mzee wao, aliyejua Kiswahili cha sokoni, akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu.

"We mwana, iko kweli ulitaja Imana?"

"Ndiyo."

"Na ulisema ni huyu?"

Ningeweza kusema palepale kwamba niliona mgongo tu. Lakini nilikuwa nimeshaapa, na kwa akili yangu ya kitoto nikaona kujikana ndiyo dhambi kubwa zaidi. "Ni huyu," nikasema.

"Basi. Imetosha," akasema mzee.

Jirani hakupiga kelele. "Mi sikuchukua," alisema polepole. "Lakini mtoto ametaja Imana. Mi nitasema nini?"

Akatoa mbuzi wake mmoja, jike lenye mimba, akapewa mwalimu. Kuanzia siku hiyo wanawake hawakwenda tena kwake kuomba kaa la moto. Kanisani benchi lake lilibaki na yeye peke yake, na tulipofika kwenye "jina lako litukuzwe" nilihisi macho yake kisogoni mwangu, ingawa sikuwahi kugeuka kuhakikisha. Nyumbani bibi alianza kunitazama kila alipoacha mchi wake, ananitazama kwanza, halafu ndipo anamtaja Imana.

Majuma mawili yakapita. Mama akanituma kuchimba udongo wa kukandika ukuta, nikashuka mpaka kwenye shimo la zamani la wafyatua matofali. Harufu ilinipokea kabla sijafika ukingoni. Mbuzi wa mwalimu alikuwa chini kule, kamba imenaswa kwenye mzizi. Hakuna aliyemwiba. Na yule mwanamke wa kwenye ukungu alikuwa mtu yeyote tu, na mbuzi wake mwenyewe.

Nilikaa kimya siku tatu. Siku ya nne nikamwambia bibi, akiwa kwenye kinu.

"Ulimwona uso?" akauliza.

"Mgongo."

Akanishika mkono, vidole vyake vikiwa bado na majani ya isombe, tukaenda moja kwa moja kwa wazee. Nilisema yote. Hakuna aliyenipiga, na niliumia kwamba hawakunipiga. Mwalimu wa kwaya akamfungua yule mbuzi jike, tukafuatana wote mpaka kwa jirani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba ya mgomba. Watoto wa njiani wakasema ameondoka jana yake, na mkeka kichwani, akielekea mpakani. Hakurudi. Siku moja tu, rafiki yangu. Ningesema siku moja mapema tungemkuta.

Kiangazi kilichofuata ndugu wawili waligombania mpaka wa shamba, na bashingantahe wakakaa tena. Nilikuwa nimesimama na bibi ukingoni mwa uwanja. Kikongwe mmoja, mtu wa watu, akainuka, akavua kofia, akamtaja Imana na kuapa kwamba yeye alikuwapo siku miti ya mpaka ilipopandwa. Nikasubiri mzee wa baraza aseme kwamba imetosha. Mzee akatazama fimbo yake kwa muda.

"Tumekusikia," akasema. "Na nani mwingine aliona?"

Kikongwe akabaki na kofia mkononi, kama hakuelewa alichoulizwa. Hakuna aliyenigeukia, hata bibi. Kwenye kilima kile, kabla yangu, swali hilo halikuwahi kuulizwa baada ya jina lile.