Urefu wa Risasi, Msokoto wa Mtutu

Siku ya kwanza kazini sikukabidhiwa bunduki. Shefu wa karakana yetu, pale Zone Industrielle ya Bujumbura, alinipa ufito wa kusafishia mtutu, kitambaa na chaki. Ilikuwa miaka ya vita, nasi tulitengeneza bunduki za walinzi wa mbuga waliofukuza viboko mashambani kando ya Rusizi.

Ndani ya mtutu mna mifereji iliyojisokota. Unakaza kitambaa kwenye ufito, unatia alama ya chaki juu, unasukuma taratibu. Alama ikirudi juu, ufito umezunguka mara moja. Umbali uliosukuma ndio msokoto. Ukiwa mfupi, risasi huzunguka kwa kasi zaidi. Risasi ni kama pia ya watoto: isipozunguka vya kutosha, huyumba na kupinduka. Hadi leo nikinusa mafuta ya mashine, mikono yangu huutafuta ule ufito.

Mwezi wa tatu zikaletwa risasi mpya. Nikazipima uzito, ukalingana na za zamani. Nikatia sahihi. Mlinzi Shabani, baba wa watoto wanne, akaja kuchukua bunduki. Kiboko alikuwa amejeruhi watu wawili. Alipokuwa anapanga risasi mezani, ya zamani ilisimama kando ya mpya. Mpya ilikuwa ndefu zaidi.

Kukiri ilikuwa kuhatarisha kazi, na kazi wakati ule haikuwepo mjini. Nikasema, “Shefu, nimekosea.”

“We ulipima nini?”

“Uzito tu.”

“Na urefu? Hii ni shaba tupu, petit, kijana wangu! Shaba ni nyepesi kuliko madini ya zile za zamani, ndiyo maana wameirefusha ili uzito ulingane. Risasi ndefu inataka msokoto mfupi.”

Tukaijaribu kwenye karatasi, hatua hamsini. Badala ya tundu la mviringo, risasi ilichana ufa mrefu: ilifika kwa ubavu.

Shabani akaitazama karatasi. “Ee bwana, mlitaka nimchekeshe kiboko?”

Nikapima mitutu yote iliyobaki. Mmoja ulikuwa na msokoto mfupi. Ukatoboa matundu ya mviringo. Shabani akaondoka na bunduki yenye mtutu huo.

“Mi nitafukuzwa, shefu?”

“Apana. Kesho uanze na urefu.”

Masikio yamenistaafisha mapema, kabla ya miaka hamsini. Nimehama sana: Uvira, Kigoma, tena Bujumbura. Vijana huuliza nilipata nini katika kazi ile. Juzi Shabani alinipigia simu, akalazimika kupiga kelele ili nimsikie: amepata mjukuu wa tatu.