Platini Iliyozibwa

Ruqayya Omar wa Ruiru hakuwa mtu wa kupiga kelele. Hasira yake ilikaa kooni, na waliomjua waliiona akianza kuongea polepole. Alisomea kemia chuoni Juja, kisha akaajiriwa Thika na kampuni changa iliyounda mashine za kuzalisha umeme kwa asidi ya fomiki, ile inayowasha ukiumwa na majimoto, wale chungu wekundu.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza kichocheo: chembe za platini, ndogo kupita vumbi, zilizotandazwa juu ya masizi. Asidi ikigusa platini inavunjika na kutoa umeme. Lakini kiasi chake huvunjika vibaya na kutoa kaboni monoksidi, gesi ile ile ya jiko la makaa inayoua watu usingizini. Gesi hiyo inanata kwenye platini na kuziba nafasi, na umeme unashuka.

Ruqayya alimwomba mkurugenzi wao, Kaleli, ruhusa ya kuongeza metali nyingine, bismathi, juu ya platini ili gesi isipate kutokea kwa urahisi.

"Baadaye," Kaleli alisema. "Saa hii tunatafuta wanunuzi."

"Na tutawaambia nini?"

"Watajionea. Kwani mashine haifanyi kazi?"

Ilifanya, kwa muda. Kabla ya kila mgeni, fundi Njau aliagizwa kuipandisha volti ili gesi iungue na platini isafike. Mgeni alikuta taa inawaka kali, akapewa soda, akasindikizwa nje kabla haijafifia. Ruqayya alijua, akameza hasira yake. Alijiambia hao ni matajiri wanaochezea pesa zao.

Kisha akaja Tabby, muuguzi kutoka zahanati ndogo ya Ngoingwa. Alikuwa na swali moja tu.

"Stima ikipotea, hii itashikilia friji ya chanjo mpaka irudi?"

"Bila shaka, sista," Kaleli akajibu. "Njau, zima sasa, tumwonyeshe ofisi."

Njau alinyoosha mkono. Ruqayya akausukuma kando.

"Usizime."

"Ruqayya," Kaleli alisema, akitabasamu kwa ajili ya mgeni.

"Nimesema isizimwe. Sista, kaa hapa. Chanjo ni za watoto wako, si zake."

Kaleli alimshika kiwiko. Ruqayya alijitoa kwa nguvu hadi chupa ya maji ikaanguka na kupasuka sakafuni. Hakuna aliyeinama kuokota vigae. Tabby alivuta stuli, akakaa na mkoba wake mapajani, macho kwenye taa. Mwanzo haikuonekana kubadilika. Baadaye ikawa ya manjano, kisha ikawa kama kaa linalokufa.

"Ai!" Tabby aliruka. "Na mlikuwa mnaniuzia hii?"

"Ni hitilafu ndogo ya leo," Kaleli alisema.

"Ni ya kila siku," Ruqayya alisema, polepole sana. "Tunaificha kila siku. Hata mimi."

Tabby aliondoka bila kuaga. Kaleli alimfukuza Ruqayya papo hapo, akimwita msaliti mbele ya wafanyakazi wote. Njau alikodolea macho viatu vyake. Hilo ndilo lililomuuma Ruqayya zaidi kuliko kufukuzwa.

Mhadhiri wake wa zamani kule Juja alimpa kona ya maabara. Ruqayya akaweka bismathi aliyokatazwa, na umeme ukashuka taratibu zaidi kuliko zamani. Lakini ulishuka. Alirudia, ukashuka tena. Alipiga meza ngumi mpaka mkono ukafa ganzi.

Siku moja Tabby, aliyesikia kwamba Ruqayya anaunda mashine yake mwenyewe, akampigia simu. Kaleli alikuwa amefika zahanati na mashine yenye rangi mpya, anasema imerekebishwa.

"Mwambie aiwashe asubuhi, halafu umfungie humo nayo hadi jioni," Ruqayya alisema.

"Na yako wewe, iko tayari?"

Alitazama mstari wa umeme unaoteremka kwenye kompyuta. Alitamani sana kusema ndiyo.

"Bado," akajibu. "Usinunue hata yangu."